Sabuni ya unga huoza, ilimradi kuna hewa

Wengi huamini kuwa sabuni ya unga haiozi, kwamba hupita kwenye majitaka na kufika mtoni ilivyo. Zamani ilikuwa kweli. Kiungo chake kikuu cha kuondoa uchafu kilikuwa na mnyororo wa kaboni wenye matawi ambao bakteria hawakuumudu, na povu likatanda mitoni. Ujerumani Magharibi ilidai sabuni inayooza kuanzia 1964, na mwaka uliofuata viwanda vya Marekani vikahamia mnyororo ulionyooka.

Huo bakteria huushambulia kuanzia nchani: huiunganisha ncha na oksijeni, kisha hukata kaboni mbilimbili hadi kwenye pete ya benzini, yaani kaboni sita zilizoungana kwa duara ambazo mnyororo umeshikamana nazo. Pete huhitaji bakteria wa aina nyingine. Mwishowe hubaki kaboni dioksidi, maji na salfeti. Mtambo wa majitaka unaopuliziwa hewa vizuri huondoa zaidi ya asilimia 95 ya kiungo hicho.

Bila oksijeni, kazi hiyo hukwama. Ndani ya tangi la choo kiungo hicho hung'ang'ania tope bila kuvunjika, hivyo maji yanayotoka yapitie udongo mkavu wenye hewa, si uliotota. Fosfeti, kiungo kingine cha baadhi ya sabuni, ni suala jingine kabisa: bakteria hawawezi kuiozesha, huondolewa pamoja na tope.