"Nishushe hapo barabarani": dhana potofu kuhusu mizigo mizito kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu

Juzi nimeisikia tena. Abiria katoka na toroli lenye masanduku matatu na katoni juu yake, shati limelowa jasho, ananiambia: "Dereva, nisogeze tu hadi barabarani, nitashika matatu ya Busia." Nina miaka 14 nikiendesha teksi katika uwanja wa ndege wa Kisumu, na maneno hayo nimeambiwa kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiluhya na kwa Kiingereza. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nayaandika mara moja, pamoja na mengine yanayotembea nayo.

"Barabara ya Busia iko hapo tu, nitashika matatu"

Kuhusu barabara hawakosei. Uwanja wetu uko magharibi mwa mji, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia. Matatu za Maseno, Luanda, Yala na Ugunja hupita hapo, na za Bondo pia, ambazo huchepuka Kisian. Ukiangalia ramani kwenye simu unaona ni hasara kuingia mjini ilhali gari utakalopanda litarudi kupita hapa hapa. Mwenye begi la mgongoni huwa namwambia mimi mwenyewe asinipe pesa yake, atembee akasimame barabarani.

Lakini matatu haifiki hapo ikiwa tupu. Imejazia steji mjini. Viti 14 vina watu, na ile nafasi nyembamba nyuma ya kiti cha mwisho imeshameza gunia la mtu, ndoo ya omena na mikoba ya waliotangulia. Makanga atasimamisha gari, maana hakuna makanga anayeacha abiria. Ataangalia masanduku yako. Huenda akagonga bodi na gari likaondoka, na hiyo ndiyo bahati yako. Akikubali ndipo shida inapoanza. Yatapandishwa kwenye keria kama ipo, au yatasimamishwa kwenye njia kati ya viti, au utapakata moja mpaka Luanda miguu ikiwa imekufa ganzi. Na utalipa. Sanduku likikaa mahali pa mtu hulipiwa kama mtu, na bei mtapatana wewe ukiwa umesimama juani na vitu vyako viko chini kwenye changarawe. Hapo huna la kusema.

Kuna mama mmoja ambaye simsahau. Alikuwa ametoka Marekani kuwaona wanawe, anaelekea ndani kidogo ya Yala. Masanduku mawili makubwa, kila moja kilo 23, na mkoba. Nilimwambia bei akacheka, akasema, "Mwanangu, usinifanye mgeni. Mimi ni wa hapa." Akachukua boda mbili, moja yake na moja ya masanduku. Sikumlazimisha, mzazi halazimishwi. Nilipeleka abiria mwingine Milimani, nikarudi baada ya saa nzima hivi, nikamkuta bado pale barabarani, amekaa juu ya sanduku moja. La pili lilikuwa limefungwa na leso. Makanga alikuwa amelipandisha mpaka kwenye keria, dereva akakataa, na wakati wa kuliteremsha likamponyoka mkononi. Zipu ilifumuka mwanzo hadi mwisho. Ndani mlikuwa na kichwa cha cherehani, kimefungwa kwa sweta na taulo, na pembe yake ilikuwa imetoboa ubavu wa sanduku.

Nilimbeba hadi kwake. Masanduku yaliingia nyuma, cherehani hakukubali kuiachia. Aliipakata njia nzima, kila baada ya kilomita chache anazungusha gurudumu lake pole pole kwa kiganja na kuinamisha sikio. Lilikuwa linakwama mahali pamoja. Alinilipa bei ile ile ya kwanza, na juu yake alikuwa ameshalipa boda mbili.

Mimi huwaambia watu hivi: acheni kuhesabu kilomita, hesabuni ni mara ngapi sanduku litainuliwa. Chukua safari ya mama yule kama ingeenda alivyopanga. Boda: kupakia, kushusha. Matatu: kupakia, kushusha. Yala, boda nyingine: kupakia, kushusha. Mara sita kwa kila sanduku. Mwenye masanduku matatu ana mainuo 18 mbele yake, na mengi ya hayo yanafanywa na mtu mwenye haraka asiyejua kilichomo. Kwa gari moja kutoka mlango wa uwanja hadi mlango wa nyumba, ni mara mbili kwa kila sanduku. Zipu hukatika katika kuinua, gurudumu hung'oka katika kushusha, na mkoba hutoweka katika ule muda mfupi ambao masanduku yako yako pande mbili za barabara na macho yako ni mawili tu.

Najua kuna atakayesema ninatafuta abiria. Basi nitasema na yasiyoniletea senti. Kama hela ya gari zima hakuna, usisimame barabarani. Chukua tuktuk hadi steji mjini, ndiyo, urudi nyuma, upande matatu ambayo ndiyo kwanza inaanza kujaza. Hapo nafasi ya nyuma iko tupu na wewe ndiwe wa kwanza. Panga masanduku mwenyewe, lipia kiti cha ziada ukiambiwa, ukae mahali unapoyaona. Utachelewa, lakini yatafika mazima. Au, kabla hujatoka nje ya uwanja, uliza kwa sauti waliotoka kwenye ndege yako: nani anaelekea Siaya? Nani Bondo? Watu huona haya kuuliza, na wanaelekea kijiji jirani! Nimeshabeba abiria watatu wasiojuana hadi Ugunja kwa gari moja, kila mmoja kalipa theluthi. Au acha masanduku mazito kwa ndugu aliye mjini, uende nyumbani na nguo za siku mbili, ufuatilie mizigo baadaye. Na ukiamua kutuma mzigo kwa basi, upeleke kwenye ofisi ya vifurushi, uandikiwe risiti. Kumpa makanga elfu moja na namba ya simu ya shemeji si kutuma mzigo.

"Lazima nipitie mjini"

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza, nayo husemwa na walewale. Mtu kakodi gari langu zima, anaenda Maseno, halafu ananiambia nipitie steji kwanza. Kufanya nini? Ukishakodi gari, kwa safari zote za barabara ya Busia na ya Bondo tunatoka getini tunaelekea magharibi, mji tumeuacha nyuma. Wanaoelekea upande wa mji ni wa Kakamega na Mbale, ambao hupanda mlima wa Riat kuelekea Kiboswa, na wa Ahero, Kisii na Homa Bay. Wa Vihiga waseme ni Vihiga ya wapi: Luanda na Emuhaya ziko upande wa Maseno, Mbale na Chavakali ziko barabara ya Kakamega. Ukiniambia "Vihiga" peke yake sijui nigeuze usukani wapi.

Wa Ahero, mvua za masika zikichanganya, pigia mtu simu aliyeko huko kabla ya kukodi gari. Nyanda za Kano hufurika mto Nyando ukivunja kingo, na sanduku la kitambaa halijui kuogelea.

"Ni kilo 46 tu, gari dogo linatosha"

Kilo ni shida ya ndege. Gari langu kilo 46 halizihisi hata kidogo, hiyo si hata uzito wa mtu mzima. Kinachonishinda ni umbo. Mashirika mengi ya ndege hukubali sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi sentimita 158, na sanduku la kipimo hicho halipiti mdomoni mwa buti ya salun nyingi likiwa limesimama. Mawili yanaweza kuingia yakilazwa, la tatu litakaa kwenye kiti. Kwa hiyo ukinipigia simu usiniambie kilo. Niambie masanduku mangapi, magumu au ya kitambaa, na kama kuna katoni. Hapo nitajua kama nije na Axio, salun yangu, au nimwambie mwenzangu mwenye Probox au Fielder, ambazo kiti cha nyuma kinalazwa.

Na kama kuna televisheni, tafadhali sema mapema. Kioo cha televisheni husafiri kikiwa kimesimama. Ukilaza halafu ukapanga begi juu, matuta ya barabarani yatamaliza kazi kabla hatujafika Luanda.

Jambo moja hapa sibembelezi mtu. Sanduku halikai kwenye kiti cha nyuma kando ya mtoto likiwa limelegea. Breki ya ghafla kwenye kilomita 80 kwa saa, kilo 23 haziachi kwenda mbele kwa sababu gari limesimama. Mazito huwekwa chini kabisa, yameegemea mgongo wa kiti, mepesi juu. Likibaki moja la kukaa kitini, nalifunga kwa mkanda kama abiria na mtoto anahamia upande wa pili. Kuna mzazi alinikasirikia kwa hilo mpaka tukafika Maseno bila kusemezana, na bado ningefanya vile vile.

"Boda hubeba chochote"

Hubeba, na ndiyo tatizo. Sheria ya trafiki inaruhusu boda abiria mmoja, na mimi nikiona mtu, sanduku na mwendeshaji wamebanana juu ya pikipiki moja huwa nageuza uso. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Ukiwekwa juu ya tangi, usukani haugeuki. Boda ni ya mtu na mkoba wake.

"Nilikabidhi mzigo Dubai, utanifuata mpaka Kisumu"

Labda. Jibu liko kwenye kile kikaratasi walichobandika kwenye sanduku na kipande walichokupa wewe, na nashangaa jinsi watu wanavyokikunja bila kukisoma. Herufi tatu kubwa ndizo mwisho wa safari ya mzigo. KIS ni Kisumu, NBO ni Nairobi, EDL ni Eldoret. Kikisema NBO, sanduku lako linazunguka kwenye mkanda pale JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ilhali wewe uko hapa kwangu unaniuliza mbona halitoki. Walionunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya kutoka nje na nyingine ya Nairobi hadi Kisumu, ndio hukumbwa zaidi: tiketi ya kwanza ikiishia Nairobi, mzigo nao kwa kawaida unaishia huko, unauchukua na kuukabidhi upya. Na tiketi ile ya pili ina kilo zake, hazifuati zile ulizopewa ulikotoka. Nauli za bei ya chini wakati mwingine hazina hata sanduku moja la kukabidhi. Soma kabla hujalipa, halafu soma tena kama unaondokea JKIA au Wilson. Hivyo ni viwanja viwili, na kuvuka Nairobi na masanduku matatu ni safari nyingine yenye mainuo yake.

"Ukishatoka mlangoni, huna haki tena"

Watu wanaacha haki yao kwa kuamini hili. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, safari ya kimataifa ikileta sanduku lililoharibika una siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Lililochelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Hata hivyo, ukiliona limepasuka ukiwa bado ndani, usitoke. Nenda dawatini kwa shirika, ripoti iandikwe, chukua nakala, piga picha na kikaratasi kionekane. Mimi nitakungoja nje. Ukishalipakia kwenye gari langu, kisha boda, kisha mkokoteni, nani atakubali kwamba lilipasukia kwenye ndege?

"Uwanja wa watu wa Magharibi ni Kisumu"

Kwa wengi, ndiyo. Ila kila Desemba napata wa Kitale wanaoniuliza bei, na ninapoitaja wanadhani nawaibia. Ndugu yangu, wa Kitale shuka Eldoret. Uwanja wake uko kilomita 16 hivi kutoka mjini, na kutoka Eldoret hadi Kitale ni kama kilomita 70. Wa Webuye na Bungoma linganisheni nauli za ndege za viwanja vyote viwili kabla ya kukata tiketi, mkijumlisha na bei ya gari la kutoka uwanjani hadi nyumbani. Wa Busia njooni kwangu, lakini mnaovuka kwenda Uganda mniambie mapema: gari la kukodi halivuki mpaka hivi hivi, linahitaji kibali chake na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile inayotambulika hata nchi jirani. Mara nyingi tunamalizia upande wa Kenya, na wa ng'ambo anakuwa ameshaita gari lake.

Kama unaweza kuchagua saa, chukua ndege ya asubuhi. Ngurumo za ziwa hili hupenda alasiri na jioni, na masanduku yaliyofungwa kwenye keria saa 10 jioni nimeyaona yakifika Siaya yakichuruzika maji. Ukilazimika kuja jioni, weka nguo kwenye mifuko ya nailoni ndani ya sanduku, njoo na kamba yako mwenyewe ya mita kumi, na karatasi yenye jina na namba ya simu uiweke ndani, juu ya nguo, maana ile ya nje hung'oka.