Amazing Grace na zile kii nyeusi za piano

Kuna stori inazunguka miaka na miaka, eti Amazing Grace, ule wimbo wa kanisani, inapigika kwa kii nyeusi tupu kwa sababu John Newton, Mwingereza aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa, aliisikia tuni yake kwa watumwa melini. Kupigika inapigika kweli, weka do kwenye nyeusi ya kwanza kushoto ya zile zilizokaa tatu pamoja, kisha piga so, do, mi-do, mi, re, do, la, so, utaona fa na ti hazimo, ni noti 5 tu, lakini noti hizohizo wanazo Waskoti, Wachina na sisi Waafrika, sasa zitathibitishaje wimbo umetoka wapi? Newton aliandika maneno tu, yakachapwa Uingereza 1779. Aliyeyaunganisha na tuni hii ni William Walker, huko Marekani, 1835, wakati Newton keshafariki tangu 1807. Weusi wa Marekani wameufanya wimbo wao kwelikweli, ila kwa kuuimba.