Namba iliyomponza Fermat

Juzi kwenye kipindi cha jioni hapa Uyole, chaki inateleza vidoleni kwa baridi, niliandika ubaoni 4,294,967,297. Nikauliza: ni namba tasa, au ina vigawo? Binti mmoja wa kidato cha tatu akaivamia. Si shufwa, haiishii na 5. Tarakimu zake jumla ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi. Akajaribu 7, 11, 13, akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hii ni tasa."

Sikumcheka, maana yumo kwenye kundi la wakubwa. Namba hiyo ni 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyeipenda hisabati kuliko kesi zake (ndivyo ninavyomdhania), alitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa, zote ni 2 iliyopandishwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1. Akaamini mfululizo hauvunjiki. Inayofuata ndiyo hii yetu.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akauvunja: ni 641 × 6,700,417. Kinachoniuma ni kwamba 641 ni namba tasa ya 116 tu. Fermat angegawanya kwa subira siku mbili tatu, angeiona. Euler baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Hapo hupekui gunia zima la maharage: unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kwamba hata kugawanya si lazima. Angalia: 641 ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Tena ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Pandisha 640 kipeo cha 4, upate 5⁴ × 2²⁸. Kwa kuwa 640 imepungukiwa 1 tu kufika 641, baki yake ni kama −1, na −1 nne zikizidishwa pamoja ni 1; basi namba hiyo ikigawanywa kwa 641 inabakiza 1. Sasa iongezee 2³², ambayo ni 2⁴ × 2²⁸. Jumla ni 641 × 2²⁸, haina baki. Basi 2³² peke yake inabakiza 640. Ongeza 1, baki imekwisha. Darasa lilinyamaza, kisha mmoja wa nyuma akasema, "Rudia, mwalimu." Nikarudia mara tatu.

Jirani wa namba yetu, 4,294,967,295, ni zao la zile tasa tano za Fermat zikizidishwa zote pamoja. Hiyo ni habari ya kuchora maumbo kwa bikari na rula tu, tutaiandikia siku yake.

Binti akataka inayofuata, 2⁶⁴ + 1. Nikampa kigawo chake, 274,177, nikamwambia kikokotoo cha simu marufuku. Jumatatu kaja na kurasa mbili za kugawanya kwa mkono, na kosa moja la kubeba kwenye ukurasa wa pili.