Kabla uanzishe kazi kwenye seva ya bote, angalia kwanza nani iko ndani

Vijana benye ninafundishaka hapa Bukavu, kitu cha kwanza banaulizaka ni komandi ya kuanzisha kazi. Mi ninabaanzishaka na komandi ya kuangalia, juu seva haiko mashini yako ya nyumbani. Ile yenye tunatumia kwa hesabu za mvua iko Ubelgiji, tunaigawana na batu bengi, na kila mutu anafikiri iko peke yake juu teminali yake, ile dirisha ya kuandikia komandi, ni nyeusi na imenyamaza.

Kuingia ni rahisi, na SSH, programu ya kuingia kwenye mashini ya mbali bila bengine kusoma: andika ssh, jina lako, alama ya @, jina la seva. SSH ilitengenezwa mwaka 1995 na Mufinlandi mumoja, Tatu Ylönen, kisha mutu kunasa maneno ya siri yenye yalikuwa yanapita wazi kwenye mtandao wa chuo chake. Njo maana mara ya kwanza inakuuliza kama unatambua alama ya ile seva, ni herufi na namba zenye zinaitambulisha. Usiandike yes mbio mbio, omba mwenye kuchunga seva akupe alama, mulinganishe.

Ukisha ingia, andika w. Utaona majina ya bale benye bako ndani, na kule juu, upande wa kuume, namba tatu, kwa mufano 14.20, 9.75, 4.10. Ile njo muzigo wa mashini: wastani ya dakika 1, ya dakika 5, ya dakika 15. Zisome kuanzia kuume: muzigo ulikuwa mudogo, sasa unapanda, maana yake kuna mutu amewasha kitu kizito sasa hivi. Lakini 14 ni mingi ao kidogo? Andika nproc, itakuambia kori, zile sehemu za mashini zenye zinafanya hesabu, ziko ngapi. Kama ni 16, nafasi ingali kidogo. Kama ni 8, kazi ziko zinapanga mustari sawa bidoni kwenye robine asubuhi, na ukileta yako utachelewesha bote, na weye pia.

Kama huwezi ngoja, weka nice -n 19 mbele ya komandi yako. Na 19 njo mwisho wa kupisha, kazi yako itakuwa inaachia za bengine nafasi. Mi ninaitumia hata usiku, ni heshima tu.

Sasa umeme. Mwaka wangu wa kwanza nilianzisha kazi ya masaa tisa, usiku umeme ukaenda kwa kartie, ruta ikazima, koneksio ikakatika, asubuhi nikakuta kazi haiko. Na seva yenyewe haikuzima hata dakika moja! Kilichokufa ni teminali yangu, na teminali ikikufa seva inatumaka ishara yenye inaitwa HUP kwa kazi zenye zilizaliwa ndani yake, basi nazo zinakufa. Iliniuma sana, juu ile mega nililipa na pesa yangu.

Dawa ni tmux, programu yenye inashika teminali yako ndani ya seva hata kama koneksio imekatika. Andika tmux new -s mvua (mvua ni jina tu, weka lako), anzisha kazi yako ndani, kisha finya Ctrl na b pamoja, achilia, finya d. Umetoka, kazi inaendelea kule nyuma, unaweza funga mashini ulale. Hata kama uliianzisha Nyawera, hapa Bukavu, na usiku ukapanda boti ya Goma, kule ukifika unaingia na ssh, unaandika tmux attach -t mvua, unaikuta palepale.

Ukitaka kusimamisha kazi yako, kill na namba yake, ile seva inapatia kila kazi, inatosha, inaipa muda wa kufunga mafaili vizuri. Kill -9 haiachi hata sekunde, ichunge kwa mwisho. Diski nayo uiangalie na df -h, juu ikijaa kazi za bote zinakwama.

Na kwa kufuta, tafazali, muende polepole. rm haina pipa ya takataka. Ukitaka kuandika rm mvua_2015* na kidole kikaweka kanafasi mbele ya ile nyota, mafaili yote ya ile dosie yanaenda. Andika kwanza ls mvua_2015*, soma majina yote, kisha finya mushale wa juu komandi irudi, ubadilishe ls tu ikuwe rm.