Wewe Unauliza Magoti, Mimi Nauliza Tumbo

Nikimwambia mtu kwamba nakimbia mbio za kilomita 160 milimani, swali la kwanza halibadiliki: "Na magoti je?" Magoti hayajambo. Huu ni mwaka wangu wa 12 katika kazi ya tiba ya viungo, na wikendi zangu nyingi zimeishia huko milimani, ama nikikimbia mwenyewe, ama nikiwa kwenye hema la huduma nawavua soksi wanaokimbia. Walioacha mbio mbele yangu kwa sababu ya goti nawakumbuka mmoja mmoja. Walioachishwa na tumbo siwezi kuwahesabu, na mimi mwenyewe nimo.

Ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni. Lakini usiziweke zote kapu moja. Kilomita 50 mkimbiaji mzoefu anaweza kuzimaliza kwa ukaidi tu. Ukishapita saa ya 15 ukaidi hautoshi, maana sasa inabidi ujue kula ukiwa hutaki kula, kutunza ngozi yako gizani, na kufanya uamuzi kwa kichwa kilichochoka. Mbio za UTMB, zinazouzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi tangu 2003, zina takriban kilomita 170 na mita 10,000 za kupanda. Hiyo ni zaidi ya kutoka usawa wa bahari hadi kilele cha Everest. Washindi wa kiume siku hizi hutumia kama saa 20. Wa mwisho hupewa saa 46 na nusu, na ndiye ninayemfikiria ninapoandika, kwa kuwa yeye amekesha usiku wa kwanza na anauingia wa pili.

Turudi tumboni. Chukua mkimbiaji wa kilo 70. Kilomita moja ya tambarare inamgharimu takriban kilokalori 70, kwa hiyo kilomita 160 ni zaidi ya 11,000 kabla hujaihesabu milima. Wanga aliouhifadhi kwenye misuli na ini unampa kama 2,000. Mafuta ya mwili anayo tele, hata awe mwembamba vipi, ila yanaungua taratibu kama kuni mbichi: moto upo, lakini sufuria haichemki upesi. Lazima ale. Utumbo nao una kikomo chake. Kwa watu wengi ni gramu 60 za wanga kwa saa, au hadi 90 ukichanganya sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, kwa sababu kila moja ina mlango wake wa kupitia, na ikiwa utumbo umezoezwa kazi hiyo kwa wiki nyingi. Gramu 90 ni kilokalori 360, naye anaweza kutumia 500 au zaidi kwa saa. Deni linakua tangu anapoanza. Kulilipa haiwezekani, anachoweza ni kulizuia lisimfilisi kabla ya kufika.

Na hapo ndipo tumbo linapogoma. Ukikimbia, damu inaitwa kwingine: misuli inaitaka, na ngozi inaitaka ili ipoze mwili. Tumbo linaachiwa makombo. Jua likiwa kali, au ukiwa umeanza kwa pupa, chakula hakisagiki. Kinakaa palepale kikitikiswa hadi kirudi kilikotoka.

Mbio zangu za kwanza za masafa hayo nilizianza kama mtu anayewahi basi. Kilomita ya 70 kichefuchefu kikaingia, nikasema nisile kwanza, litulie. Halikutulia. Kilomita ya 118 nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikabandua namba kifuani na kuwaambia wahudumu kwamba miguu imekwisha. Uongo mtupu, ingawa niliuamini. Siku mbili baadaye nilikuwa napanda ngazi bila kushika ukuta. Miguu ilikuwa mizima. Mafuta ndiyo yaliyokauka ndani ya kibatari.

Dawa yake inaudhi kwa urahisi wake: tembea. Dakika 20 za kutembea polepole, maji ya baridi shingoni, soda iliyotoka gesi kwa mafunda madogomadogo, kisha kiazi cha kuchemsha kilichochovywa kwenye chumvi. Damu inarudi tumboni na njaa inarudi nayo. Kwa mtu aliye mbioni dakika 20 ni kama mwaka, lakini nimeona waliozikataa wakilala kwa saa nne kwenye kitanda changu cha hemani.

Kuhusu maji, kosa ninaloliogopa zaidi ni la kuzidisha. Aliyepungukiwa maji hujijua kwa kiu. Anayekunywa kupita kiu, saa baada ya saa, huku homoni za mwili zikizuia mkojo kutoka, anaizimua sodiamu, yaani chumvi, ya damu yake mwenyewe. Vidole vinavimba, pete inabana, kichwa kinauma, kisha anaanza kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Hali hiyo inaua. Kunywa kwa kiu. Na tafadhali acheni vidonge vya maumivu vya ibuprofeni mbioni! Vinapunguza damu inayofika kwenye figo saa ileile ambapo figo zinachuja mabaki ya misuli iliyochanika. Ukiona mkojo wako una rangi ya chai ya rangi, mbio zimeishia hapo, na safari inayofuata ni ya hospitali.

Misuli hiyo inachanikaje? Kila anayeanza anaogopa kupanda. Kupanda kunachosha, lakini kinachobomoa ni kushuka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inavuta huku inarefushwa, kazi ya breki, na nyuzi zake zinakatika kidogokidogo kila hatua. Mbio za Western States kule California zina takriban mita 5,500 za kupanda na 7,000 za kushuka. Watu hutazama namba ya kwanza wakashangaa. Mimi hutazama ya pili nikawahurumia. Habari njema ni kwamba misuli ina kumbukumbu: zoezi moja zito la mteremko huipa kinga ya wiki kadhaa. Wagonjwa wangu huwapangia siku ya kushuka tu, kama wiki tatu kabla ya mbio. Hunilaani kesho yake wakishuka kitandani, na wakati mwingine hunitumia ujumbe wa shukrani baadaye. Wakati mwingine.

Kuhusu nyayo nitakuwa mfupi, maana wahenga walishamaliza: usipoziba ufa utajenga ukuta. Punje ya mchanga kwenye kilomita ya 20 ni kazi ya dakika mbili. Punje hiyohiyo kwenye kilomita ya 90 ni lengelenge la ukubwa wa kisigino, na mtu mzima analia mbele yangu.

Baridi nitaieleza kwa tukio moja. Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, upepo, mvua ya baridi na mvua ya mawe viliwakuta wakimbiaji juu mlimani. Watu 21 walikufa, wakiwemo baadhi ya wakimbiaji bora wa masafa marefu wa nchi hiyo. Wengi walikuwa na nguo nyepesi tu. Mchungaji mmoja wa kondoo aliwaokoa watu 6 kwa kuwaingiza katika pango alikokuwa amejihifadhi. Mtu anayekimbia ni tanuri, anajipasha mwenyewe. Akichoka hadi kutembea, tanuri limezimika, naye bado ana jasho mgongoni. Kwa hiyo ninapokagua mikoba na mtu akaniambia jaketi limemwongezea uzito wa gramu 200, sibishani naye. Namrudisha akalichukue.

Kisha usiku. Mwenda pole hajikwai, wanasema, na ni dhahiri aliyesema hivyo hakuwahi kushuka mlima saa tisa usiku baada ya kutembea tangu asubuhi ya jana. Hapo mwenda pole ndiye anayejikwaa. Joto la mwili linashuka kabisa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, macho yanaona duara la tochi tu, na ubongo, ukikosa cha kutazama, unajitungia. Maruweruwe ni ya kawaida kwa wanaokesha usiku wa pili, wala si dalili ya wazimu. Mimi nimewahi kusimama nikampa pole mzee aliyekaa kando ya njia. Lilikuwa gogo. Nililisalimu mara mbili kwa sababu halikuitikia mara ya kwanza. Tiba ni usingizi wa dakika 15 tu, umejifunika vizuri na mtu wa kukuamsha yupo; unaamka ukiwa kama umelala kwa saa tatu. Kwenye Tor des Géants kule Italia, kilomita 330 kwa muda usiozidi saa 150, kupanga usingizi ni sehemu ya mbio sawasawa na kupanga chakula.

Sasa mtu ananiuliza, kwa haki kabisa: faida ni nini? Si ya mfukoni. Gordy Ainsleigh, aliyekimbia njia ya mashindano ya farasi kwa miguu yake mwaka 1974 akatumia saa 23 na dakika 42, ndiye mzizi wa Western States, na hadi leo anayeimaliza chini ya saa 24 anapewa bizimu ya mkanda ya fedha. Bizimu! Nimewaona watu wakiibusu.

Kwa upande wangu faida kubwa ni kujua kwamba hali mbaya ina mwanzo na mwisho. Mtu anayekwambia saa nane usiku kwamba maisha hayana maana, saa tatu baadaye amekula, kumekucha, naye anapiga mluzi. Hakuna kilichobadilika isipokuwa sukari na mwanga. Ukishaliona hilo kwenye mwili wako mara tano, unaanza kuisikiliza huzuni yako kwa shaka kidogo. Ya pili ni kwamba kadiri masafa yanavyoongezeka ndivyo nguvu pekee inavyopungua thamani, na wanaong'aa si wale uliowatarajia. Jasmin Paris wa Uingereza, Januari 2019, alishinda Spine Race, takriban kilomita 430 za baridi, akiwatangulia wanaume wote, huku akisimama vituoni kukamua maziwa ya mtoto wake mchanga. Mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kumaliza Barkley Marathons kule Tennessee, zikiwa zimebaki sekunde 99 kati ya saa 60 zinazoruhusiwa.

Sisemi ni bure. Familia hulipa, kucha hulipa, na wiki mbili baada ya mbio wengi hupatwa na utupu ambao hakuna aliyewaonya kuuhusu. Kwa hiyo nawaonya wangu mapema, na nawakataza kujiandikisha kwa mbio nyingine ndani ya siku hizo 14.

Usiku mmoja nilimfunga bandeji mama mmoja kwenye kilomita ya 131. Malengelenge miguu yote miwili, alikuwa hajala kwa saa tano, na alikuwa amebakiwa na dakika 40 kabla kituo hakijafungwa. Nilimlisha supu kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, tukazungumza kuhusu wanawe watatu, akaondoka akichechemea. Kesho yake mchana nilikuwa mwishoni mwa mbio alipofika, dakika tisa kabla ya muda kuisha. Alikaa chini, akanitazama na kuniomba mkasi wa kukatia bandeji. Nikampa, nikamuuliza supu ilimfaa. Akanishangaa.

"Samahani," akasema, "tumewahi kuonana?"