Je, wajua ni kutoa pumzi, wala si kuivuta, kunakotuliza moyo?

Kwa miaka mingi, kila nilipoketi kando ya mtu aliyelemewa na majonzi, ushauri wangu ulikuwa mmoja: vuta pumzi, vuta nyingi, jaza kifua. Nilimpa hata binamu yangu katika matanga huko Nyalenda, mjini Kisumu, naye akanitii, akavuta kwa nguvu na kwa haraka hadi akashikwa na kizunguzungu na vidole vikamfa ganzi. Shangazi zetu walisema ni huzuni, nami sikuwakanusha.

Makosa yalikuwa yangu. Damu ya mtu mwenye afya huwa imekwisha kubeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, kwa hiyo kuhema kwa kasi hakuongezi kitu cha maana. Kinachotokea ni kwamba kabonidioksidi hutolewa kupita kiasi, na ikipungua, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa. Waalimu wa kale wa yoga hawakuteleza hapo. Katika sutra za Patanjali, yaani mafunzo mafupi ya kale ya yoga, mstari wa 34 wa sura ya kwanza unataja njia ya kutuliza akili kwa pumzi: kuitoa na kuizuia. Kuivuta hakutajwi. Sisi nasi, tuliosema tangu zamani kwamba aliyeokoka na hofu "ameshusha pumzi", tulikuwa na jibu mdomoni bila kulisikiliza.

Sababu yake ni rahisi kuiona kwa anayeijua barabara ya Kakamega, pale inapoteremka kutoka Kiboswa kupitia Riat hadi Mamboleo. Mwendesha baiskeli aliyepakia gunia la makaa hapigi pedali hata mara moja katika mteremko ule. Mzigo unamsukuma, na kazi yake yote iko kwenye breki. Moyo nao uko mteremkoni. Ukiachwa bila neva yoyote ya kuuongoza, hudunda takriban mara 100 kwa dakika, na kama wako unadunda mara 70 hivi ukiwa umetulia, ni kwa sababu neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo, imeubana. Unapovuta pumzi, mkono hulegea kwenye breki na moyo huenda mbio kidogo. Unapoitoa, mkono hukaza tena. Anayerefusha kutoa pumzi, kama mazoezi mengi ya pumzi ya yoga yanavyomtaka mtu kufanya, huishika breki kwa muda mrefu zaidi.

Breki yenyewe, kwa bahati njema ya mfano wangu, ni ya majimaji. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliichochea vagasi ya moyo wa chura hadi ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mwendo bila neva yake kuguswa: kumbe vagasi ilikuwa imemwaga kemikali ya kuubana moyo ndani ya maji yale.

Kutoka hapo hadi kupona kwa moyo ule mwingine, wa huzuni na kumbukumbu, ni safari ndefu zaidi, na ushahidi wake ni mwembamba. Utafiti unaotajwa sana ni wa daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2014, kuhusu wanawake 64 ambao majeraha yao ya kiakili hayakuwa yamekubali matibabu. Baada ya wiki 10, 16 kati ya 31 waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, ilhali katika kundi lililopewa mafunzo ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Hata hivyo idadi hiyo ni ndogo, yoga iliongezwa juu ya tiba ya kawaida bila kuchukua nafasi yake, na pumzi, mikao na utulivu vilifundishwa pamoja, hivyo haijulikani ni kipi kilichofanya kazi. Tena, kwa baadhi ya walioumizwa, kulala chali na kufumba macho huleta hofu badala ya amani.

Breki, walau, unaweza kuikagua mwenyewe: weka vidole kwenye kifundo cha mkono, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Tofauti ya mapigo huwa wazi zaidi kwa vijana na hufifia kadiri umri unavyosonga. Binamu yangu aliihisi mara ya kwanza tu, tukiwa tumeketi ufukweni Dunga. Mimi, niliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mingi, nilihesabu hadi mitumbwi ikarudi.