Kadi ya mchangiaji si press kadi

Redio za jamii na tovuti ndogo za habari huwachapishia wachangiaji wao wa kujitolea vitambulisho vyenye neno PRESS kwa herufi kubwa nyekundu. Neno hilo liondoeni. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati (kibali rasmi cha kazi) ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Asiye na ithibati akiivaa PRESS shingoni, amebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Andikeni "Mchangiaji wa kujitolea". Kisha jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), picha, namba ya kadi, tarehe ya kuisha (miezi 6 inatosha) na simu ya chumba cha habari. Simu ndiyo roho ya kadi. Mlinzi getini akiwa na shaka hapimi nembo, anapiga namba. Isipopokelewa, mchangiaji anarudi nyumbani. Kwa hiyo isiwe ya mhariri mmoja, iwe ya zamu.

Kwa kikao cha ndani ongezeni barua yenye muhuri, ikitaja shughuli na tarehe, imfikie mwenyeji siku 2 kabla. Ile ya "kwa yeyote anayehusika" haimhusu yeyote.

Panapoharibika zaidi ni kwenye majina. Kadi hubeba jina halisi. Habari inaweza kutoka kwa jina la kalamu. Anayeandika mgogoro wa ardhi wa kijiji anachoishi anastahili kufichwa, ila mhariri lazima amjue, na jina lake halisi likae kwenye daftari linalofungiwa, kamwe si kwenye kundi la WhatsApp.

Siri huvujia kwenye simu. Mtu akianza kutuma pesa kwa namba ya mchangiaji, jina la usajili linamtokea kabla hajaweka namba ya siri. Laini ya kuongea na vyanzo isiwe na akaunti ya pesa. Picha ikitumwa WhatsApp kama faili huweza kubaki na saa na mahali ilipopigwa, na faili la Word huweza kubeba jina la mwenye kompyuta.

Na habari ya jina la kalamu isitoke kwenye shughuli ambayo mchangiaji aliingia kwa kadi. Daftari la wageni getini lina jina lake na la kituo chenu, kwenye mstari mmoja.